Watu wa Mashineni

Jumatatu, 3 Oktoba 1966

Nimerudi Garissa jana na msafara wa malori, wanajeshi mbele na wanajeshi nyuma. Mwalimu mkuu amenipa pole ya msiba, kisha akanipa rundo la madaftari ya darasa la tano ambayo hayakuguswa tangu niondoke.

Naanza kuandika haya kwa sababu ya neno aliloniachia Mama. Baba yake, Mutinda wa Kilonzo, aliondoka kwetu Nuu mwaka wa njaa, Mama akiwa bado tumboni, akamfuata mtu aliyekuwa akiandikisha vibarua wa kiwanda cha pamba kando ya mto Juba. Wakati ule upande ule ulikuwa wa Waingereza. Barua ilikuja moja tu, ameiandika karani Mhindi, ikitaja mji mdogo uitwao Mashineni. Miaka ikapita, habari ikaja kwamba amekufa. Susu Katunge, bibi yangu mzaa mama na mkewe Mutinda, ambaye nimepewa jina lake, akarithiwa na shemeji yake. Huyo shemeji ndiye ambaye Mama alimwita baba. Susu bado yu hai, anakaribia miaka themanini, na jina la Mutinda sijapata kulisikia kinywani mwake.

Mama aliniambia, "Huko unakofundisha ndiko alikopita. Waulize. Nataka kujua alilazwa wapi." Siku ya tatu akafariki.

Kuuliza si jambo dogo. Juba sasa iko Somalia, na hapa kuna vita na watu wanaotaka jimbo hili lote liende huko huko. Mtu akitaja ng'ambo ya mpaka, wengine hugeuka kutazama nani anasikia. Nimemweleza Wilkister, ninayekaa naye kwenye nyumba ya walimu. Yeye ni mtu wa Nyanza, anafundisha darasa la tatu, na tangu Januari hajawahi kunywa chai sokoni kwa kuogopa kuwekewa sumu. Amesema nimwache marehemu apumzike.

Jumatano, 5 Oktoba

Joto. Mawingu yalikusanyika upande wa mto, yakatawanyika.

Ijumaa, 7 Oktoba

Nimekwenda kwa Dagane, fundi cherehani aliye barazani nyuma ya msikiti, na gauni la kupunguzwa kiuno. Ndiye fundi mzee kuliko wote hapa na Kiswahili chake ni safi kuliko changu. Nilipomwuliza kama amesikia mji uitwao Mashineni, alisimamisha cherehani kwa kiganja.

Aliniuliza nani amenituma. Nikasema hakuna. Akaniuliza tena, kama vile sikuwa nimejibu. Kisha akasema haujui mji huo, akaendelea kushona. Nilipokuwa nikitoka aliniita kwa sauti ya chini: "Mwalimu, jina hilo usilitaje tena sokoni."

Mtu asiyeujua mji anajuaje kwamba jina lake halitajwi?

Jumatatu, 10 Oktoba

Ebla, mama wa makamo anayetuletea maziwa ya ngamia, leo alikawia mlangoni. Alikuwa akitazama ndani juu ya bega langu. Aliniuliza jina langu la pili ni la nani kwetu. Nikamjibu ni la bibi yangu, nikafunga mlango. Sasa najiuliza kwa nini tangu mwezi wa tano ameacha njia ya sokoni, ambako wateja ni wengi, akawa anakuja huku mwisho kwa ajili ya vibaba viwili.

Jumatano, 12 Oktoba

Lori limekanyaga bomu lililotegwa barabara ya mashariki. Wawili wamekufa. Amri ya kutotoka nje sasa inaanza saa kumi na mbili jioni badala ya saa moja.

Jumamosi, 15 Oktoba

Dagane aliniletea ujumbe kwamba gauni liko tayari. Halikuwa tayari. Alinikalisha kwenye kigoda ndani, akaniambia amenichunguza wiki nzima kujua kama mimi ni mtu wa serikali. Nilichukia, kisha nikakumbuka kwamba nami nilikuwa nikimchunguza yeye.

Baba yake Dagane alikuwa fundi mitambo Mashineni. Dagane mwenyewe alizaliwa pale, watu wakizungumza Kiswahili kwa kuwa walitoka kila upande: Wapokomo, Wagosha, Waswahili wa Lamu, Wasomali, na watu wachache wa bara. Kiwanda kilikuwa na mashine nne za kuchambua pamba, mbegu zikidondoka chini na nyuzi zikitoka kama povu, na banda la vitanda vya kufumia lililokuwa na joto la kuua. Vumbi la pamba liliwaingia watu kifuani. Wengi walikufa wakikohoa.

Nilimwuliza kuhusu Wakamba. Akasema alikuwako mmoja, mrefu, meno ya mbele yamechongwa, akisimamia mashine ya pili. Watoto walimkimbia mpaka wakamzoea.

Susu alipata kusema mara moja, bila kutaja jina, kwamba vijana wa zamani walichonga meno ili wapendeze.

Hapa Garissa ziko nyumba tano za watu wa Mashineni, walihamia baada ya kiwanda kufungwa. Dagane alinitajia wakuu wa nyumba hizo nikaandika kwenye ukurasa wa daftari: yeye mwenyewe, Shurie, Noordin, mjane Bishara, na Mzee Ahmednoor. Ameniomba niwaendee mmoja mmoja, bila haraka, na karatasi niiweke vizuri.

Jumatatu, 17 Oktoba

Leo amekuja shuleni Bwana Justus wa ofisi ya usalama. Ni Mkamba wa Mwingi, mpole, huimba kanisani Jumapili. Alinisalimu kwa lugha yetu nikafurahi, maana tangu nirudi sijaisikia. Halafu akasema, bado akitabasamu, kwamba amesikia nimekaa ndani kwa fundi Dagane karibu saa nzima.

Nani amemwambia? Baraza la Dagane linaonekana na msikiti mzima. Na Wilkister alijua nakwenda.

Nilimweleza kila kitu, kwa kuwa sina la kuficha. Alisikiliza vizuri. Alisema daftari za vibarua za Kismayu zililetwa huku Waingereza walipoikabidhi nchi ile kwa Wataliano, na huenda ziko kwenye ghala la ofisi. Atamtafuta Mutinda. Ila ghala ni kubwa, basi nimpe majina niliyopata, ajue aanzie wapi.

Kisha akaniambia Dagane ana mdogo wake msituni. Dagane hakunieleza hilo.

Alhamisi, 20 Oktoba

Sikukuu. Gwaride, watoto wameimba vizuri, vumbi limeharibu sare zote.

Jumapili, 23 Oktoba

Nimempa Justus ule ukurasa baada ya ibada. Ni majina ya wazee waliofanya kazi kiwandani na watoto wao, basi. Kila mtu mjini anawajua.

Alhamisi, 27 Oktoba

Mvua ya kwanza. Watoto walitoka darasani bila ruhusa nami sikuwazuia.

Jumatano, 2 Novemba

Justus ametimiza neno lake. Ameniletea karatasi aliyoinakili kwa mkono kutoka daftari la kale: Mutinda wa Kilonzo, Mkamba, mashine ya pili. Mkataba wake uliisha mwaka wa 1925, na mbele yake pameandikwa kwamba alibaki.

Alibaki. Hakufa, wala hakuzuiwa. Mama alikuwa msichana wa miaka kumi na kitu wakati huo, akichunga mbuzi za mtu aliyemwita baba. Nimesoma neno hilo moja mpaka taa ikaanza kufuka moshi. Bora ningeambiwa alimezwa na mashine.

Ijumaa, 4 Novemba

Nilikwenda kwa Dagane na hasira, nikamwonyesha karatasi. Hakushangaa. Akasema kuna jambo alikuwa akingoja idhini kulisema, na sasa amepewa. Mutinda alisilimu, akaitwa Abdalla, akaoa. Binti yake mmoja yu hai, tena yuko hapa hapa. Ni Ebla muuza maziwa.

Nilimcheka. Nilimwambia ni rahisi mno: namtafuta babu, naye anatokea na ndugu aliye tayari mlangoni kwangu. Mwalimu ana mshahara, ana nyumba ya serikali, anajua siku ya msafara wa malori. Ndugu wa namna hiyo anamfaa mtu mwenye mdogo wake msituni. Nilimwambia na hilo la mdogo wake pia.

Alibadilika uso. Hakukana. Alisema tu kwamba yule si mdogo wake tena tangu achukue bunduki, na akaniuliza nimelipata wapi. Alitazama karatasi ya Justus iliyokuwa mkononi mwangu, akaanza kukunja vitambaa vyake kimoja kimoja.

Jumamosi, 5 Novemba

Nimemwambia Ebla maziwa hatuhitaji. Wilkister ameshangilia.

Jumanne, 8 Novemba

Mto umepanda. Maji ni mekundu, yanabeba miti mizima.

Jumatano, 9 Novemba

Ebla amepita njia ya chini akiwa na vibuyu vyake. Hakutazama huku. Mimi ndiye niliyesimama dirishani.

Ijumaa, 11 Novemba

Baraza la Dagane limefungwa. Nilidhani ni kwa sababu ya sala, kisha nikaona mlango umepigiwa ubao kwa misumari.

Asubuhi mapema malori yalizichukua nyumba tano, wake na watoto na wazee, wakapelekwa kwenye kijiji cha ulinzi kilichozungushiwa seng'enge, mwendo wa nusu siku kutoka mjini. Mbuzi na ng'ombe wao wamezuiwa. Mwanamke wa duka jirani alinihesabia nyumba hizo kwa vidole: Dagane, Shurie, Noordin, Bishara, Ahmednoor. Alifuata mpangilio ule ule wa ukurasa wangu.

Nilikwenda ofisini kwa Justus moja kwa moja, viatu vimejaa tope. Ukurasa wangu ulikuwa mezani kwake, mwandiko wangu, na kila jina limewekewa alama ya vema kwa wino mwekundu kama ninavyosahihisha hesabu za watoto.

Nilimwuliza wamefanya nini. Akasema hawajafanya lolote bado, wana ndugu ng'ambo, na hilo linatosha. Nikamwambia alinidanganya. Alisema hapana, aliniahidi kumtafuta babu yangu naye amemtafuta. Kisha akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba kaka yake alikuwa mmoja wa wale wawili wa lori la Oktoba. Walimkusanya kwenye gunia. Alisema anayetaka kumfundisha huruma aende kwanza akamfariji shemeji yake.

Nilirudi nyumbani nikamshika Wilkister. Nilitaka awe yeye. Alilia, akakiri kwamba ndiye aliyemwambia Justus siku ile nilipokwenda kwa Dagane, kwa kuogopa tungechukuliwa wote wawili. Lakini majina hakuyajua. Majina niliyatoa mimi, kwa mkono wangu, mlangoni pa kanisa, tena nikasema asante.

Jumamosi, 12 Novemba

Mvua kutwa. Sikutoka.

Jumapili, 13 Novemba

Sikwenda ibadani.

Jumatatu, 14 Novemba

Ebla hakuwamo kwenye ukurasa ule. Dagane alimtaja baada ya karatasi kutoka mkononi mwangu. Hilo ndilo lililomwokoa, wala si akili yangu.

Leo alasiri nilimwona akipita njia ya chini, nikatoka kwenye mvua nikamwita. Alisimama mbali kidogo. Nilimwambia ni mimi niliyetoa majina. Akasema anajua, mji mzima unajua. Nilimwomba aingie. Aliitazama njia juu na chini, maji yakimtiririka kwenye shuka, kisha akaingia akakaa chini karibu na mlango.

Hata hapo sikumwamini kikamilifu. Naona aibu kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilimtega. Nilimwuliza baba yake alizungumza lugha gani nyumbani. Alisema mzee alizungumza Kiswahili, na Kisomali cha kuvunjika kilichowachekesha. Lugha yake ya kwao hakumfundisha mtu, kwa kuwa hakukuwa na wa kujibizana naye. Aliitumia peke yake kazini, akihesabu marobota ya pamba.

"Mimi nilikuwa nakaa juu ya robota, mtoto mdogo," alisema. "Nasikia kila siku. Mbaka leo nasikia."

Akanyoosha kidole kimoja, halafu cha pili. Imwe. Ili. Itatu. Inya. Itano. Thanthatu. Alihesabu mpaka ikumi bila kukosea, kwa wimbo wa watu wa kwetu, akivuta mwisho wa kila neno kama Susu anapohesabu vifaranga. Akaniuliza, "Hiyo ni lugha gani, mwalim? Hakuna mtu alinambia."

Dagane hajui Kikamba. Hakuna mtu Garissa angemfundisha kuvuta maneno hivyo. Nilikaa sakafuni mbele yake, nikamwambia ni yetu.

Tuliongea mpaka karibu na saa ya amri. Nayaandika yote nisiyasahau.

Mutinda hakuchagua kubaki. Mwaka ule wa Wataliano, vibarua wa bara waliambiwa wanaotaka kwenda waende. Alifunga mzigo, akawaaga Ebla, aliyekuwa wa miaka mitano, na mama yake. Aliahidi kurudi kuwachukua akishaona watu wake. Walitembea Wakamba watatu, mwezi mzima, mpaka mto huu hapa. Kwenye kivuko walikutana na wafanyabiashara wa ugoro wa kwetu, na mmoja alimtambua kwa uso akakimbia, maana kwao Mutinda alikuwa maiti. Walipotulia walimweleza: matanga yamekwisha kitambo, mkewe Katunge amerithiwa na nduguye, na amezaa naye watoto wawili.

Alikaa ukingoni siku mbili. Wenzake wakavuka. Yeye akageuka. Alimwambia mama yake Ebla kwamba angevuka ingebidi mmoja kati ya ndugu wawili afe, na kwamba mke aliyemwacha na njaa na mimba hana kosa lolote. Aliporudi Mashineni karani alimwandika kwenye daftari, alibaki. Binti aliyezaliwa baadaye alimpa jina la Katunge. Mtoto huyo alikufa kwa surua.

Yeye mwenyewe alikufa mwaka Waingereza walipowafukuza Wataliano, kifua kimejaa pamba. Amezikwa nyuma ya ghala la kiwanda, upande unaoelekea magharibi ya mto.

Ebla aliolewa na mfanyabiashara wa ng'ombe, akaja huku, akafiwa. Binti yake Arbia ameolewa Wajir. Mwezi wa tano alisikia watoto sokoni wakimtaja mwalimu Katunge, Mkamba. Akabadilisha njia yake ya maziwa.

"Nilitaka kuangalia tu," alisema. "Kusema, niliogoba."

Nimemwuliza nimwite nani. Dada wa mama kwao huitwa habaryar. Mama mdogo. Nimelitamka vibaya, akalirudia mpaka nikalishika.

Ijumaa, 18 Novemba

Justus amekuja tena. Wanawake wa kijiji cha ulinzi wamehojiwa na mmoja amemtaja Ebla. Alikuwa na karatasi iliyopigwa chapa tayari. Inasema namfahamu Ebla kama muuza maziwa tu, na kwamba zaidi ya mara moja aliniuliza siku za msafara wa malori. Panahitajika sahihi yangu.

Nilimwambia hajawahi kuniuliza hilo. Akasema basi nifikirie vizuri mpaka Alhamisi, siku Ebla atakayoletwa mbele ya Bwana Lazarus, mkubwa wake Justus. Bila karatasi hiyo itabidi ofisi ijiulize mwalimu wa serikali anafanya nini na mwanamke huyo. Alisema kwa Kikamba kwamba ananionea huruma kama dada yake. Naamini anasema kweli, na hilo ndilo linalonitisha.

Jumamosi, 19 Novemba

Wamemchukua Ebla. Vibuyu vyake viko kwangu.

Jumatatu, 21 Novemba

Wilkister anasema nitie sahihi. Anasema Ebla atafungwa nikitia au nisipotia, tofauti ni kama nitakuwa na kazi. Sikulala vizuri. Mara mbili nimeisoma karatasi hiyo nikaona jinsi ilivyo fupi.

Jumanne, 22 Novemba

Darasa la tano wamefanya imla. Nimewapa alama bila kusoma.

Alhamisi, 24 Novemba

Bwana Lazarus ni mtu mzima, miwani mizito, hana haraka. Ebla alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono mapajani. Aliponiona hakunisalimu. Nadhani alitaka kuniachia nafasi ya kutomjua.

Justus alisoma maelezo yake, akaniwekea ile karatasi mbele yangu na kalamu juu yake. Niliisogeza kando. Nilisema, "Huyu ni mama yangu mdogo. Alizaliwa na baba yake mama yangu." Sauti ilinitoka ndogo kuliko nilivyokusudia, ikabidi nirudie.

Nikaeleza habari ya kiwanda, barua ya karani Mhindi, kivuko. Nikasema ukurasa wa majina ni wangu, niliuandika kutafuta kaburi la babu, na haukuwa orodha ya washukiwa mpaka ulipofika ofisi hii. Nikaomba nyumba zile tano zirudishwe.

Lazarus aliuliza kama naelewa ninachosema. Kama Ebla ana ndugu ng'ambo, na Ebla ni mama yangu, basi nami nina ndugu ng'ambo, na sheria ya hali ya hatari inanihusu kama inavyowahusu wale wengine.

"Naelewa," nilisema. "Niandike."

Aliniandika. Kwenye ukurasa ule ule, chini ya jina la Ahmednoor, kwa mwandiko wake mzuri, akaweka jina langu kamili, Mirriam Katunge, na kazi yangu. Justus aliangalia dirishani. Kwa mara ya kwanza nilimwona amechoka, kijana tu aliyefiwa.

Ebla aliinuka kwenye benchi, akaja akasimama karibu yangu. Askari alimwamuru akae. Hakukaa.

Jumatatu, 28 Novemba

Barua imekuja. Nimeondolewa Garissa. Nitafute shule nyingine bara kama nitapokelewa, na niondoke kwa msafara wa tarehe kumi na nne Desemba. Ebla ameachiliwa kwa dhamana yangu. Lazarus amempa kibali cha siku thelathini kusafiri nami, kwa sharti kwamba atoke wilayani kwake. Kuhusu nyumba tano, suala linaangaliwa.

Jumatatu, 5 Desemba

Dagane amerudishwa, peke yake na mkewe, kwa kuwa amekuwa akikohoa damu. Cherehani yake haionekani. Nilimwendea. Sikubeba zawadi, nilijua angeitupa.

Nilimwomba msamaha. Alinisikiliza akiwa amelala, uso umeelekea ukutani. Alisema mjane Bishara amezaa huko ndani ya seng'enge, mtoto wa mumewe aliyekufa Julai, na mtoto hakuishi siku tatu. Alisema hilo nalo niliweke kwenye hesabu yangu pamoja na mengine. Halafu akasema nimsalimie Ebla. Mkewe alinisindikiza mpaka nje na akafunga mlango taratibu.

Wilkister anawapelekea unga tangu Jumamosi. Hakuniambia, nimemwona.

Jumatatu, 12 Desemba

Jamhuri. Nyumba nne bado ziko ndani. Nimeandika barua ya tatu kwa Lazarus.

Jumatano, 14 Desemba, Mwingi

Mwezi ulionekana jana, leo ni siku ya kwanza ya Ramadhani. Darajani askari alikishika kibali cha Ebla, akakigeuza, akatutazama usoni mmoja baada ya mwingine kwa muda mrefu, kisha akapunga mkono. Tulipovuka nilifumba macho nikisubiri mlipuko. Nilipofumbua macho niliona Ebla ameshika chuma cha lori, anatazama mto ambao baba yake hakuuvuka ukibaki nyuma.

Ijumaa, 16 Desemba, Nuu

Tumefika mchana, kwa miguu sehemu ya mwisho. Mvua imekuwa nzuri huku, mbaazi zimefika kifuani. Ndugu zangu walisimama wakimtazama Ebla na shuka lake. Mmoja wao aliingia ndani akachukua upinde. Nilimwona, naye akajua nimemwona.

Susu alikuwa amekaa mlangoni akimenya kunde. Nilipiga magoti nikamweleza kwa Kikamba, polepole, kwa kuwa sikujua ataanguka au atanifukuza. Nilimwambia Mutinda hakufa wakati ule. Nilimwambia alitembea mwezi mzima, akafika kivukoni Garissa, akaambiwa amerithiwa, akageuka.

Mikono yake ilisimama juu ya kunde.

"Alifika mtoni?"

"Alifika, Susu."

"Kutoka pale mpaka hapa ni siku nane," alisema. Akaokota ganda moja, akalitupa. "Ningemfukuza. Halafu ningemfuata."

Hakulia. Alimwambia kijana mwenye upinde aurudishe alikoutoa. Kisha akamtazama Ebla kwa mara ya kwanza, uso, vidole, namna alivyosimama, na akaniuliza kama mtoto huyu amekula. Kabla sijajibu alikuwa ameinuka kwa fimbo yake, akaingia, akatoka na bakuli la isyo la moto, mahindi na kunde mpya. Akaliweka mikononi mwa Ebla.

Ebla alilishika, hakujua la kufanya. Nilimweleza Susu kwamba amefunga, watu wa dini yao hawali mpaka jua litue. Nikamgeukia Ebla nikamwambia kwa Kiswahili kwamba sheria yao, nijuavyo, inamruhusu msafiri kufungua, na kwamba bibi ataumia akikataa.

Alitikisa kichwa. "Mimi si msafiri tena," alisema. "Nimefika."

Nilimtafsiria Susu neno kwa neno. Susu alilichukua bakuli, akalifunika kwa ungo, na bakuli lake mwenyewe, ambalo alikuwa hajaligusa, akalifunika pia. Akamvuta Ebla kwa mkono akamkalisha kando yake kwenye gunia, akamgawia nusu ya kunde zilizobaki amenye. Wamekaa hapo sasa wawili, hawana lugha ya kuongea, wanangoja jua.